Ufunguo wa Ofisi Usihame na Mtumishi

Mtumishi wa serikali anapohamishwa kutoka kituo kimoja kwenda kingine, sharti akabidhi ofisi. Huandika hati ya makabidhiano, akaorodhesha mafaili yaliyomo kabatini, mihuri, vitabu vya stakabadhi, samani, na funguo: za mlango, za kabati, za sefu. Anayepokea huzihesabu moja moja, akatia sahihi yake, na nakala ya hati hiyo ikahifadhiwa. Utaratibu huu ni wa zamani, nao ni mzuri. Hakuna mkuu wa idara atakayemruhusu karani apande basi huku ufunguo wa sefu ya ofisi umo mfukoni mwake.

Lakini upo ufunguo mwingine ambao ni rahisi mno kusahauliwa katika orodha hiyo, nao ni ule wa kufungulia barua pepe zilizoandikwa kwa maandishi ya siri. Ufunguo huu hauonekani kwa macho wala hauna uzito, na makao yake ni ndani ya kompyuta, katika programu ile ile ambayo mtumishi huitumia kusomea barua zake za kila siku. Mtumishi akiondoka, huondoka nao pasipo mtu kujua. Au hufutika siku ile kompyuta inaposafishwa ili apewe mwingine. Tunaona kwamba jambo hili ni la hatari, na kwamba wakati wa kulitengeneza ni sasa, wakati watumishi wanaotumia njia hii bado si wengi.

Yafaa kwanza tueleze namna chombo hiki kifanyavyo kazi, maana wapo wakuu wa ofisi wanaoombwa kutia sahihi maagizo ya mambo haya bila ya kuelezwa kwa lugha wanayoielewa. Mwenye anuani ya barua pepe huiamuru programu yake imtengenezee funguo mbili zilizo pacha. Wa kwanza huitwa ufunguo wa hadhara, nao hugawiwa kwa yeyote autakaye. Kazi yake ni kufunga tu. Wa pili ni ufunguo wa siri, na ndio pekee uwezao kufungua kilichofungwa na pacha wake. Ni sawa na mtu aliyewagawia jamaa zake wote makufuli yaliyo wazi. Kila mmoja aweza kulibana kufuli lake juu ya kasha na kumpelekea, lakini ufunguo wa kulifungulia anao mwenyewe nyumbani.

Fikra hii ilitangazwa mwaka 1976 na Wamarekani wawili, Whitfield Diffie na Martin Hellman. (Waingereza walikuwa wamekwisha kuigundua miaka michache nyuma katika idara yao ya upelelezi wa mawasiliano, wakaifungia kabatini mpaka mwaka 1997, wasipate sifa wala faida yake.) Mwaka 1991 Philip Zimmermann, naye wa Marekani, aliitia katika programu iitwayo PGP ili raia wa kawaida aweze kuitumia katika kompyuta yake. Serikali ya nchi yake ilimchunguza kwa miaka mitatu, kwa kuwa sheria zao za wakati huo ziliihesabu elimu hiyo pamoja na silaha zisizoruhusiwa kupelekwa nje, kisha mwanzoni mwa mwaka 1996 ikaliacha shauri hilo bila ya kumshitaki. Leo elimu hiyo hupatikana bila malipo. Programu ya barua ya Thunderbird, ambayo hutolewa bure, zamani ilihitaji kuongezewa viungo vya pembeni. Tangu toleo lake la 78 la mwaka 2020, uwezo huo umo ndani yake yenyewe. Karani akibonyeza mara chache tu ana funguo zake tayari. Nasi twaupenda urahisi huo, isipokuwa unamfanya mtu adhani kwamba kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza imeanza.

Wananchi wa visiwani wanayo sababu yao ya kulifuatilia jambo hili. Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, na makao makuu ya Mkoa yako Kibaha. Faili lipelekwalo kwa mkono kutoka Kilindoni lina bahari ya kuvuka hadi Nyamisati, kisha barabara ya Kibiti na Mkuranga, kisha msongamano wa magari wa Dar es Salaam, ndipo lishike barabara ya Morogoro. Barua pepe hufika kabla chai haijapoa. Si ajabu basi kwamba mambo mengi ya visiwani yanazidi kupita njia hiyo, yakiwemo yale ambayo zamani yangewekwa ndani ya bahasha mbili, ya ndani ikapigwa lakiri na kuandikwa SIRI.

Tuchukue mfano, wa kubuni lakini usio mbali na hali ilivyo. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini, na miongoni mwa maadui wakubwa wa bahari yetu ni uvuvi wa baruti, ambao sheria imeukataza kwa miaka mingi. Mvuvi wa Jibondo amewaona wanaolipua miamba. Anawajua kwa majina. Huenda mmoja wao ni mjomba wake. Anamwendea ofisa na kumweleza aliyoyaona, kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe. Ofisa anayaandika hayo kwa barua pepe kwenda Kibaha, pamoja na siku ambazo boti ya doria itatoka. Barua hiyo ikisomwa na asiyehusika, doria itakuta maji matupu. Na yule mvuvi atabaki kisiwani, mahali ambapo kila mtu anajua kila mtu analala wapi.

Kwa hiyo ofisa huyo atafanya vema akiifunga barua yake. Barua pepe ya kawaida, ijapokuwa siku hizi mara nyingi hufunikwa ikiwa njiani, huwa wazi kila inapotua. Msimamizi wa mitambo ya upande wa mpeleka na yule wa upande wa mpokeaji waweza kuisoma, na hali kadhalika mwizi aliyefanikiwa kuipata nywila ya mmoja wao. Barua iliyofungwa kwa ufunguo wa mpokeaji haisomeki popote pale ila mikononi mwake. Hata hivyo ofisa akumbuke kwamba jina la mpeleka, la mpokeaji na saa ya kupelekwa hubaki nje kama maandishi ya juu ya bahasha. Anayetazama atajua kwamba Mafia imeiandikia Kibaha usiku wa manane, ijapokuwa hatajua imeandika nini.

Sasa tuendelee na mfano wetu. Mwaka wa pili ofisa aliyezipokea barua hizo pale Kibaha anahamishiwa Rukwa, na yule aliyeziandika amestaafu. Kompyuta zao zimesafishwa na kupewa wengine. Shauri linafika mahakamani, na wakili wa serikali anaomba mawasiliano ya wakati ule. Barua zote zipo, hakuna hata moja iliyopotea. Kila moja ina tarehe yake na majina yake, na ndani yake kuna mistari ya herufi zisizo na maana. Hakuna fundi, wa hapa wala wa ng'ambo, atakayezifungua, kwani zilifungwa kusudi asiye na ufunguo asizifungue. Wavuvi wa baruti wanarudi nyumbani. Ile siri iliyotunzwa ili imlinde mvuvi imewalinda wahalifu pia.

Wapo watakaosema kwamba dawa ya haya ni kuacha kabisa mambo ya kufunga barua. Hatukubaliani nao. Hakuna aliyewahi kupendekeza kwamba masjala ya siri iondolewe mlango kwa sababu karani mmoja alipoteza ufunguo. Dawa ni kuutunza ufunguo wa barua kwa uangalifu ule ule tunaoutumia kwa ufunguo wa sefu, na hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawalifahamu, hata miongoni mwa mafundi.

Ufunguo wa siri hufanya kazi mbili zilizo mbali kabisa. Kazi ya kwanza ni hiyo tuliyoieleza, ya kufungua barua zilizoletwa. Kazi ya pili ni kutia sahihi. Mtumishi akituma barua huitia alama ambayo ni ufunguo wake tu uwezao kuitoa, na mpokeaji, kwa kutumia ule wa hadhara, huthibitisha kwamba barua imetoka kwake na kwamba hakuna herufi iliyobadilishwa njiani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imekwisha kuitambua sahihi ya kielektroniki. Sasa, kazi hizi mbili zinataka malezi tofauti. Ufunguo wa kufungulia, ikiwa barua ni za ofisi, ni mali ya ofisi, na haina budi nakala yake iwepo mahali pengine salama, ili mtu akifa, akihama au akiugua, barua zisomeke. Ufunguo wa kutilia sahihi ni kama mkono wa mtu. Nakala yake haifai kuwekwa kwa mtu mwingine hata kidogo, kwa kuwa siku ikiwepo nakala, kila hati iliyotiwa sahihi hiyo itakuwa na mashaka: ni yeye aliyeandika, au ni mwenye nakala? Ukipotea, hasara yake ni ndogo. Mtumishi atatengenezewa mwingine, na sahihi za zamani zitaendelea kuthibitika kwa ule wa hadhara.

Kwa bahati nzuri waliotengeneza kanuni za OpenPGP, ambazo Thunderbird na programu nyingine nyingi huzifuata, walilifikiria jambo hili, wakaruhusu mtu awe na ufunguo mkuu mmoja wenye matawi, tawi moja la sahihi na jingine la kufungulia. Basi ofisi yaweza kuhifadhi nakala ya tawi moja bila ya kuligusa la pili. Inataka fundi anayejua anachokifanya, maana mtumishi akitoa nakala kwa njia ya kawaida ya programu, hutoka nazo zote kwa pamoja.

Kuna pia suala la wizi. Mtumishi akaaye Visiga, kati ya Misugusugu na Mlandizi, hutoka ofisini jioni na kompyuta mpakato begani, akasimama kituoni pamoja na umati wa watu, akapanda gari lililojaa. Kompyuta ikichukuliwa, thamani ya chombo chenyewe ndiyo hasara iliyo ndogo. Katika Thunderbird ufunguo wa siri hulindwa na nywila kuu ya programu, na programu hiyo haimlazimishi mtu kuiweka. Asiyeiweka amefunga mlango na kuuacha ufunguo umechomekwa kwenye kitasa. Na hata aliyeiweka yampasa awe na hati ya kubatilisha ufunguo, yaani tangazo fupi linaloambia programu za watu wengine kwamba ufunguo huu usitumike tena. Ubaya ni kwamba tangazo hilo hutengenezwa kwa ufunguo wenyewe. Aliyekwisha kuibiwa naye hana nakala, hawezi kulitoa. Basi litengenezwe siku ile ile ufunguo unapozaliwa, lichapwe karatasini, liwekwe mbali na kompyuta.

Jingine ambalo limekwisha kuwatia watu wengi hasarani ni muda wa ufunguo. Thunderbird humpa mtumiaji ufunguo wa miaka mitatu, asipochagua vinginevyo. Miaka mitatu ikitimia, mtu huona onyo, akadhani kwamba ufunguo umekufa, akatengeneza mpya na kuufuta wa zamani kwa kupenda usafi. Ufunguo uliopitwa na wakati haufai kupokelea barua mpya, lakini barua za miaka mitatu iliyopita hazina mwingine wa kuzifungua ila huo huo. Wala haukuwa umekufa, kwani mwenyewe angeweza kuurefushia muda na kuwapelekea wenzake nakala mpya ya ule wa hadhara. Tungependa kila mtumishi aambiwe neno hili moja hata kama hatafundishwa mengine: ufunguo wa zamani haufutwi.

Tena kuna udanganyifu. Kutengeneza ufunguo wenye jina la Katibu Tawala wa Mkoa hakuhitaji kuwa Katibu Tawala. Mhuni yeyote aweza kuutengeneza na kuupeleka Kilindoni, na ofisa wa huko akaufungia siri zake zote, akidhani yuko salama kuliko jana. Ndiyo maana kila ufunguo una alama yake ya utambulisho, herufi na tarakimu 40 kwa funguo nyingi zitumikazo leo. Kabla ya kuuamini ufunguo, mtumishi amsomee mwenzake alama hiyo kwa simu, kwa sauti anayoifahamu, au wazilinganishe wanapokutana mkutanoni. Kazi hiyo inachosha kidogo, lakini haizidi dakika tano, na haina mbadala.

Hatusemi haya kwa kuwalaumu watumishi. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Marekani, Alma Whitten na J. D. Tygar, waliwapa watu 12 waliozoea barua pepe muda wa dakika 90 kuitumia PGP ya wakati huo. Wengi wao hawakuweza, na watatu waliipeleka wazi ile siri waliyotakiwa kuificha. Hata mwandishi Glenn Greenwald, aliyekuja kuutangazia ulimwengu habari za Edward Snowden mwaka 2013, alikuwa ameandikiwa na Snowden miezi kadhaa kabla, akiombwa aweke programu hiyo ili wazungumze kwa usalama, akashindwa kuipata vizuri. Programu zimeboreka tangu hapo. Yaliyobaki ni mafunzo, na mafunzo ya nusu siku yanatosha kama anayefundisha hatatumia muda wote huo kueleza hesabu.

Maofisa wanaotunza nyaraka wanahusika kuliko wanavyodhani. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 imeweka kwamba nyaraka za umma hufunguliwa kwa wananchi baada ya miaka 30. Wajukuu wetu wataitegemea haki hiyo watakapotaka kujua ni nani aliyeamua nini juu ya ardhi ya Visiga na Kisarawe wakati mji ulipokuwa ukienea kuelekea huko, na kwa maneno gani. Faili la karatasi lililokuwa SIRI hupoteza siri yake kwa kupita kwa wakati tu. Barua iliyofungwa kwa ufunguo uliopotea itakuwa siri mwaka wa 30, na mwaka wa 60 pia. Barua ya ofisi ikishafunguliwa na kufanyiwa kazi, iingizwe katika faili lake la siri ikiwa inasomeka, na kufuli libaki ni la safari.

Tunajua kwamba wapo wananchi watakaosoma haya kwa wasiwasi. Watauliza: leo mnasema ofisi itunze nakala za funguo za watumishi, kesho si mtasema serikali itunze nakala za funguo za watu wote? Swali ni la haki, na jibu letu ni kwamba hapana. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inamhakikishia kila mtu faragha ya mawasiliano yake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazibana ofisi zenyewe katika taarifa za watu wanazozishika. Mtumishi katika anuani ya ofisi anaandika kwa niaba ya umma. Mwananchi katika anuani yake anaandika kwa niaba yake mwenyewe, na ufunguo wake si mali ya mtu mwingine. Marekani ililijaribu jambo hilo mwaka 1993 kwa kifaa cha simu kilichoitwa Clipper, ambacho funguo zake zingegawanywa na kuwekwa kwa idara mbili za serikali. Mwaka uliofuata mtaalamu Matt Blaze alionyesha kasoro yake, wananchi na wafanyabiashara wakakikataa, na mpango ukafa katika muda wa miaka michache. Anayetaka kuyarudia hayo hapa kwetu asiitumie makala hii kuwa hoja yake.

Tunalolitaka halihitaji fedha nyingi. Mamlaka ya Serikali Mtandao, ambayo kwa sheria ya mwaka 2019 ndiyo yenye dhamana ya viwango vya mitambo ya serikali, pamoja na chombo cha namna hiyo cha Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, vina mafundi wanaoweza kuandika ukurasa mmoja wa maelekezo kwa Kiswahili chepesi. Nakala ya tawi la kufungulia iwekwe katika flashi yenye nywila, na flashi iwekwe ndani ya bahasha yenye lakiri, katika sefu ya masjala ya siri. Nywila iandikwe katika bahasha ya pili, ishikwe na ofisa mwingine, ili asiwepo mtu mmoja awezaye kuzisoma barua za mwenzake kwa faragha. Kila bahasha inapofunguliwa iandikwe daftarini: siku, sababu, na sahihi za watu wawili. Makarani wa masjala hawatahitaji kufundishwa sehemu hii ya mwisho, kwa kuwa ndiyo kazi yao ya kila siku.

Na katika fomu ya makabidhiano, chini ya mstari wa funguo za sefu, uongezwe mstari mmoja wenye nafasi ya herufi 40.